Kuotesha mbegu nyumbani

Kuotesha mbegu nyumbani ni kazi ya kuiwezesha mbegu ianze kuota mahali penye unyevu, joto na hewa, kwa mfano ndani ya kitambaa, karatasi laini au gunia, kabla ya kuipeleka kwenye udongo wa kitalu, kiriba au shamba. Mbegu ikishatoa mzizi mdogo huhamishwa na kufukiwa. Njia hii hutumika kwa mpunga katika mabonde ya umwagiliaji, kwa mboga na matunda bustanini, na kwa miti ambayo mbegu zake zina ganda gumu. Hutumika pia kama jaribio: anayetaka kujua kama mbegu alizohifadhi tangu msimu uliopita bado ni hai huotesha chache kwanza, kabla mvua hazijaanza.

Matumizi hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko yote. Mahindi yanayopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, huhitaji mashimo yapatayo 18,000 kwa ekari. Kama mbegu 30 katika kila 100 zimekufa, mashimo 5,400 yatabaki matupu, na mkulima atayaona baada ya wiki moja au mbili, wakati mvua za mwanzo zimeshapita. Anaweza kurudishia, lakini mimea iliyochelewa hufunikwa na kivuli cha ile iliyotangulia na mara nyingi hubeba magunzi madogo au haizai kabisa. Kitambaa kimoja na maji kidogo vingemwonyesha hayo akiwa bado na nafasi ya kutafuta mbegu nyingine.

Ndani ya mbegu

Mbegu ni mmea mchanga uliolala, pamoja na akiba yake ya chakula na ganda la kuvilinda. Mmea huo mchanga huitwa kiinitete. Katika mahindi, mpunga na mtama akiba kubwa ya chakula imo katika endospermi, ile sehemu nyeupe yenye wanga. Katika maharage, kunde na choroko imo katika kotiledoni mbili, yaani zile nusu mbili zinazoachana ganda linapovuliwa.

Kiinitete kikiondolewa au kikiuawa, kinachobaki ni chakula tu. Kwa sababu hiyo mchele hauoti: mashine ya kukoboa huondoa maganda pamoja na kiinitete kilichoko kwenye ncha moja ya punje. Kiswahili kimelitofautisha jambo hilo tangu zamani kwa kuwa na jina moja la mpunga na jingine la mchele. Vivyo hivyo dengu na choroko zilizopaazwa haziwezi kuota, wala karanga zilizokaangwa. Mtoto anayejaribu kupanda mbuyu kwa kutumia mabuyu yenye rangi na sukari yanayouzwa mitaani hatafanikiwa, kwa kuwa yamekwisha kupikwa.

Mbegu kavu huwa na maji kidogo sana, kwa kawaida asilimia 10 hadi 14 ya uzito wake. Ikilowekwa huanza kunyonya maji kwa kasi na kuvimba. Hatua hii ni ya kimwili tu, na hata mbegu iliyokufa huvimba. Hivyo kuvimba si dalili ya uhai. Mahindi huhitaji kufikia unyevu wa takribani asilimia 30 ndipo yaote, na soya asilimia 50. Baada ya hapo unyonyaji hupungua kwa muda, huku kazi ikiendelea ndani bila kuonekana. Katika nafaka, kiinitete hutoa homoni iitwayo jiberelini, ambayo huenda kwenye tabaka jembamba linalozunguka wanga na kuliamuru litengeneze vimeng'enya. Kimoja kati ya hivyo, amilase, huvunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayolisha kiinitete mpaka kitakapopata majani ya kijani. Mwishowe ganda hupasuka na mzizi wa kwanza hutokeza. Wataalamu huihesabu mbegu kuwa imeota pale mzizi huo unapotoka.

Kazi hii yote huhitaji oksijeni, kwa sababu mbegu inayoamka hupumua sana. Hapa ndipo wengi hukosea. Mbegu iliyoachwa ndani ya glasi ya maji siku tatu au nne haioti vizuri zaidi kuliko iliyokaa usiku mmoja. Hukosa hewa, maji hunuka, na kiinitete huoza. Mpunga ni tofauti kidogo, kwani unaweza kuanza kuota hata chini ya maji, lakini ukikosa hewa hutanguliza chipukizi jembamba refu kutafuta hewa na kuuchelewesha mzizi.

Joto nalo lina mipaka yake. Nyanya na bilinganya huota vizuri kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi, na pilipili hupenda nyuzi 25 hadi 30. Pwani na maeneo mengine ya joto mtu hana haja ya kulifikiria sana jambo hilo. Kwa mkazi wa Njombe, Lushoto au Limuru mwezi wa Julai ni habari nyingine: pilipili ambazo zingeota ndani ya siku saba au kumi huchukua wiki tatu au zaidi, na nyingine huoza kabla ya kufika hapo. Kuziweka karibu na jiko au juu ya jokofu husaidia. Saladi ni kinyume chake: kukiwa na joto kali mbegu zake hukataa kuota na kurudi usingizini. Nyingi za aina zake pia huota vyema zaidi zikipata mwanga, hivyo hazifukiwi ila hunyunyiziwa udongo mchache sana juu.

Kupima uhai wa mbegu

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Huchukuliwa mbegu 100 kutoka sehemu mbalimbali za gunia au kopo, bila kuchagua nzuri. Kuchagua ni kujidanganya. Hupangwa katika mistari ya mbegu kumi kumi juu ya kitambaa cha pamba au tabaka kadhaa za karatasi laini zilizoloweshwa na kukamuliwa, kisha huviringishwa kama mkeka na kufungwa kwa uzi bila kukazwa. Roli hilo huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, au kwenye bakuli lenye kifuniko, mahali penye joto la kawaida la chumba. Kila siku hufunguliwa ili kuangalia unyevu na kuondoa mbegu zenye ukungu. Asiye na mbegu nyingi anaweza kutumia 50 na kuzidisha kwa mbili, ila jibu lake litakuwa la kukadiria zaidi.

Hesabu ya mwisho hutegemea zao. Katika maabara mahindi huhesabiwa siku ya 7, maharage siku ya 9, kitunguu siku ya 12, na mpunga, nyanya na pilipili siku ya 14. Huhesabiwa tu miche iliyo mizima, yenye mzizi na chipukizi. Iliyopinda ovyo, isiyo na mzizi au iliyooza nusu haihesabiwi hata kama imepasua ganda, maana shambani haitafika juu.

Zikiota 90 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 80, anayetaka mimea 100 apande 125. Chini ya 60 ni afadhali kutafuta mbegu nyingine kama zinapatikana, kwa sababu mbegu zilizosalia katika fungu lililozeeka nazo huwa dhaifu: zinazoota kwenye kitambaa laini mara nyingi hushindwa kuinua udongo mzito uliopigwa na mvua.

Upimaji huu ulianza kufanywa kitaalamu mwaka 1869 huko Tharandt, Ujerumani, ambapo Friedrich Nobbe alianzisha kituo cha kwanza cha kupima mbegu. Nobbe alikuwa ameona kwamba mbegu nyingi zilizokuwa zikiuzwa kwa wakulima wa wakati wake hazikuwa zile zilizotajwa, au zilikuwa zimechanganywa na takataka. Chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu, kijulikanacho kwa kifupi ISTA, kiliundwa mwaka 1924, na maabara zinazofuata kanuni zake hutumia mbegu 400 kwa kila sampuli, zikigawanywa katika mafungu. Nchini Tanzania kazi ya kuthibitisha ubora wa mbegu ni ya TOSCI, yenye makao makuu Morogoro, na nchini Kenya ni ya KEPHIS. Malalamiko aliyoyasikia Nobbe hayajakwisha: mkulima wa leo naye anaweza kununua nafaka ya chakula iliyopakwa rangi na kufungwa katika pakiti kama mbegu. Jaribio la kitambaa halitamwambia kama ni mbegu ya aina iliyoandikwa, lakini litamwambia kama iko hai.

Uhai wa mbegu hupotea haraka zaidi penye unyevu na joto. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wahifadhi wa mbegu husema kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopunguzwa ndani ya mbegu, na kila nyuzi 5 za joto zinazopunguzwa ghalani, huongeza maisha yake karibu mara mbili. Desturi ya kuning'iniza magunzi au vibuyu vya mbegu darini juu ya meko ilitimiza nusu ya kanuni hiyo, kwani joto la moto hukausha, na moshi hufukuza fukusi. Wadudu hao ni hatari mara mbili kwa mbegu, kwa kuwa wengine hupenda kula kiinitete chenyewe. Punje yenye tundu moja dogo inaweza kuonekana nzima na isiote kamwe.

Mbegu iliyokauka vizuri huweza kudumu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1879 William James Beal alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe moja moja kwa miaka mingi. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Kongwe zaidi ni kokwa ya tende iliyopatikana katika magofu ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi. Ilikuwa na umri wa takribani miaka 2,000. Mwaka 2005 ililowekwa kwa maji ya uvuguvugu na kutiwa homoni, ikaota, na mtende huo ukapewa jina la Methusela.

Kuotesha katika kitambaa

Kwa kiasi kidogo cha mbegu, kama vile pakiti ya nyanya chotara ambayo bei yake huhesabika kwa kila mbegu, njia ya kitambaa ndiyo bora. Kipande cha khanga kuukuu au kitambaa chochote cha pamba kilichofuliwa bila sabuni kubaki huloweshwa na kukamuliwa mpaka kisidondoshe maji. Mbegu hutandazwa upande mmoja zisigusane, upande wa pili hukunjwa juu yake, na vyote huwekwa ndani ya kopo au sahani iliyofunikwa. Kitambaa kinapaswa kuwa na unyevu kama udongo baada ya mvua ndogo. Kikionyesha maji yanayong'aa kati ya nyuzi, kimezidi.

Mbegu kubwa zenye ganda jembamba, hasa maharage, hazipendi kutumbukizwa majini zikiwa kavu sana. Maji huingia kwa nguvu, na kotiledoni hupasuka kabla hazijalainika. Kwa maharage na soya kitambaa chenye unyevu ni salama kuliko bakuli la maji. Mahindi huvumilia kulowekwa usiku mmoja.

Wakati wa kuhamisha ndio unaoamua mafanikio. Mzizi ukiwa na urefu wa milimita 2 hadi 5 mbegu iko tayari; ukifika sentimita moja ni mwisho. Ukiachwa zaidi hupenya katikati ya nyuzi za kitambaa na kukatika unapovutwa, na ncha ya mzizi mkuu ikikatika mmea huanza maisha kwa kilema. Mbegu huokotwa kwa kushika ganda lake, si mzizi, au kwa kutumia kijiko na kijiti chenye ncha. Iliyong'ang'ania kitambaa hupandwa pamoja na kipande cha kitambaa hicho, maana pamba itaoza yenyewe udongoni.

Mboga ambazo mzizi wenyewe ndio mazao, kama karoti na figili, hazifai kwa njia hii. Mzizi wake ukiguswa hupinda au kugawanyika matawi, na mtu huvuna karoti yenye miguu miwili. Hizo hupandwa moja kwa moja mahali zitakapokulia.

Mpunga

Mpunga ndilo zao ambalo kuotesha kabla ya kusia ni kazi ya kawaida na si ya majaribio. Katika mabonde ya umwagiliaji kama Mwea nchini Kenya na Mbarali nchini Tanzania, mbegu huoteshwa kwa magunia, si kwa vitambaa.

Kwanza mapepe huondolewa. Mbegu hutiwa majini, na zinazoelea huenguliwa kwa kuwa ni tupu au nusu tupu. Wanaotaka uhakika zaidi huongeza chumvi katika maji hayo mpaka yai bichi lianze kuelea. Katika maji mazito hivyo ni punje zilizojaa tu zinazozama. Baada ya hapo mbegu lazima zisuuzwe kwa maji safi, la sivyo chumvi itazidhuru.

Mbegu zilizozama hulowekwa kwa saa 24, zikiwa ndani ya gunia lisilojaa ili zipate nafasi ya kuvimba. Kisha huchujwa na kuvundikwa kwa saa 24 hadi 48: gunia hulazwa kivulini na kufunikwa kwa majani ya mgomba au magunia mengine. Neno kuvundika hapa linafaa sana, kwani kama ilivyo kwa ndizi zinazoivishwa, rundo hutengeneza joto lake lenyewe. Mbegu zinazopumua kwa pamoja zinaweza kupasha katikati ya gunia hadi kiinitete kife, hivyo gunia hugeuzwa na kunyunyiziwa maji mara moja au mbili kwa siku. Anayeingiza mkono katikati na kukuta joto linalochoma anapaswa kulifungua mara moja na kuzitandaza.

Zikionyesha chipukizi jeupe la milimita moja au mbili husiwa kwenye kitalu kilichosawazishwa. Zikizidi hapo mizizi husokotana, na mkono wa msiaji huikata.

Uotaji wa pamoja una faida kubwa zaidi kwa wanaofuata kilimo shadidi cha mpunga, mfumo uliobuniwa nchini Madagaska katika miaka ya 1980 na padre Mfaransa Henri de Laulanié. Katika mfumo huo miche huhamishwa ikiwa na siku 8 hadi 12 tu, mmoja mmoja kila shimo, badala ya wiki tatu au zaidi na miche kadhaa pamoja. Mche mmoja kila shimo maana yake hakuna wa akiba. Mbegu zilizoota siku tofauti zingempa mkulima miche isiyolingana wakati ule ule anapotakiwa kuihamisha yote.

Mbegu ngumu na mbegu zenye utelezi

Baadhi ya mbegu ni hai lakini haziingizi maji. Lusina, migunga mingi na mbuyu zina ganda linalozuia maji kwa miezi au miaka. Porini hulainishwa na moto, jua au tumbo la mnyama. Nyumbani kazi hiyo hufanywa kwa kukwaruza ganda kwa msasa au kulikata kidogo kwa kikata kucha, upande usio na kiinitete, mpaka rangi ya ndani ionekane. Njia nyingine ni maji ya moto: maji huchemshwa, huepuliwa, mbegu hutiwa na kuachwa humo mpaka yapoe, kisha hubaki zimelowa hadi kesho yake. Zilizovimba zimefunguka, zisizovimba hurudiwa. Kuzichemsha zikiwa bado jikoni ni kuzipika.

Papai na nyanya zina tatizo jingine. Kila mbegu imefunikwa na utelezi ulio na vitu vinavyozuia uotaji, jambo la maana kwa mmea, vinginevyo mbegu zingeota ndani ya tunda. Mbegu za papai hukandamizwa kwenye chujio na kusuguliwa na mchanga au majivu mpaka vifuko vipasuke, kisha huoshwa. Za nyanya huachwa katika juisi yake siku moja hadi tatu mpaka utelezi uchachuke, halafu huoshwa. Zikiachwa zaidi huanza kuota humo humo. Papai huchukua wiki mbili hadi nne kuota hata katika hali nzuri, na aina nyingi hutoa mimea ya kiume na ya kike ambayo haitofautishiki mpaka itoe maua. Kwa sababu hiyo hupandwa mitatu au minne katika shimo moja na kupunguzwa baadaye.

Parachichi lililochomwa vijiti na kuning'inizwa juu ya glasi ya maji, upande bapa chini, ni pambo zuri la dirishani na somo zuri kwa watoto. Kwa anayetaka matunda lina thamani ndogo: mti utokanao na kokwa huchukua miaka mingi kuzaa, na matunda yake hayafanani lazima na yale ya mama. Miche ya parachichi za biashara hubebeshwa, na mti wa kokwa hutumika kama shina la chini tu.

Mbegu zisizotaka kukauka

Kanuni ya kukausha na kuhifadhi haihusu kila mbegu. Embe, fenesi na kakao zikikauka hufa. Mbegu ya mwarobaini nayo hupoteza uwezo wa kuota ndani ya wiki au miezi michache, jambo linalowashangaza wanaookota mbegu zake chini ya mti na kuzitunza hadi mvua zijazo. Zote hizi hupandwa mbichi. Kokwa ya embe hufunguliwa kwa uangalifu kwa kisu au mkasi wa kupogolea, na mbegu ya ndani hupandwa peke yake. Ikiachwa ndani ya kokwa huota pia, ila polepole na mara nyingine kwa kupinda.

Nazi ni mbegu kubwa kuliko zote zinazooteshwa na watu wa pwani. Nazi kavu iliyo na maji yanayosikika ikitikiswa hulazwa ubavu kwenye kitalu chenye kivuli, ikafukiwa nusu, na kumwagiliwa. Huchukua miezi kadhaa. Ndani yake hukua kitu laini kama sifongo, kitamu kidogo, ambacho hujaza nafasi ya maji na kunyonya chakula kutoka kwenye nyama ya nazi kupeleka kwa chipukizi. Chipukizi hutokea kwenye jicho moja kati ya matatu. Mengine mawili ni ya bandia.

Kimea

Uoteshaji wa mbegu nyumbani haukuletwa Afrika Mashariki na vitabu vya bustani. Wapika pombe wamekuwa wakiufanya kwa vizazi vingi wanapotengeneza kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Wimbi au mtama hulowekwa, huvundikwa chini ya gunia au majani, na ukishatoa mizizi huanikwa juani ili uotaji usimame. Kinachotakiwa ni ile amilase: wanga umegeuka sukari, na sukari ndiyo inayochachuka. Kimea cha wimbi hutiwa katika mbege ya Wachaga pamoja na ndizi, na kimea hutumika pia katika busaa ya magharibi mwa Kenya.

Unga wa kimea hufaa hata mahali pasipo na pombe. Kijiko kidogo kikitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, amilase huulegeza uji ndani ya dakika chache bila kuongeza maji, na mtoto anayeachishwa ziwa huweza kunywa chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile. Uji huo hurudishwa motoni uchemke kabla ya kumpa.

Mtama unahitaji tahadhari. Chipukizi zake changa huwa na kemikali ambayo hutoa sianidi zinapotafunwa au kusagwa zikiwa mbichi, hivyo huondolewa baada ya kukauka, na unga wake hupikwa. Maharage mekundu yaliyooteshwa nayo hayaliwi mabichi. Choroko zilizoota huliwa na watu wengi, lakini unyevu na joto vinavyoziotesha hukuza pia bakteria: mwaka 2011 chipukizi za uwatu zilieneza ugonjwa nchini Ujerumani na kuua watu zaidi ya 50. Kuzipitisha kwenye moto ni jambo la busara.

Mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu, kijani au buluu zimetiwa dawa ya kuzuia kuvu na wadudu. Rangi ni onyo. Haziliwi hata zikioshwa, hazipewi kuku, na hazifai kulowekwa, kwani dawa huoshwa na kubaki katika maji ambayo mtu atayamwaga mahali fulani.

Kupeleka kwenye udongo

Mbegu iliyokwisha kuota haiwezi tena kusubiri. Mbegu kavu ikikuta udongo mkavu hulala hadi mvua inyeshe, lakini iliyotoa mzizi hufa ndani ya siku moja au mbili. Vuli hasa hujulikana kwa kuanza kwa mvua mbili tatu kisha kukatika, na mkulima wa mvua aliyeotesha mahindi yake yote kwenye gunia amejiweka mikononi mwa mawingu. Kwa shamba lisilo na umwagiliaji kuna njia ya katikati: mbegu hulowekwa usiku mmoja tu, hukaushwa juu juu kivulini ili zisigandane, na hupandwa siku hiyo katika udongo wenye unyevu. Zimeshanyonya maji lakini hazijapasuka, na mvua ikichelewa zinaweza kukauka tena bila kufa. Kwa mahindi njia hiyo huwahisha kutokeza kwa siku moja au zaidi.

Katika kitalu au kiriba, udongo huloweshwa siku moja kabla. Mchanganyiko wa udongo wa juu, mchanga na mboji iliyoiva hutosha. Samadi mbichi huunguza mizizi. Shimo huwa na kina mara mbili au tatu ya unene wa mbegu, na mzizi huelekezwa chini. Aliyekosea upande asihangaike, kwa kuwa ncha ya mzizi ina chembe nzito za wanga zinazozama upande wa chini wa seli na kuuonyesha mzizi mwelekeo; mmea utajigeuza wenyewe, ila utatumia nguvu na siku moja au mbili. Maharage, kunde na choroko zitainua kotiledoni zake juu ya ardhi, hivyo udongo wa juu usishindiliwe. Mahindi, mbaazi na njegere huziacha mbegu zao chini na kutuma chipukizi tu.

Siku kumi za kwanza ndizo za kinyausi, ugonjwa wa kuvu na vimelea vingine vya udongoni unaokata shina la mche usawa wa ardhi na kuuangusha kama uliofyekwa. Hauna tiba kwa mche ulioanguka. Hupungua miche isipobanana, ikimwagiliwa asubuhi badala ya jioni, na kivuli kikipunguzwa mapema. Majani halisi mawili yakishatoka, kivuli huondolewa kidogo kidogo na maji hupunguzwa kwa muda wa wiki moja hadi mbili, ili miche izoee jua na upepo. Nyanya na pilipili huhamishiwa bustanini zikiwa na wiki nne hadi sita, saa za jioni au siku ya mawingu.